Jinsi ya kukokotoa ukinzani na nguvu ya umeme kwa kutumia volteji na mkondo

Ukiwa na namba mbili tu, yaani volteji iliyopo kati ya ncha mbili za kifaa na mkondo unaopita ndani yake, unaweza kupata ukinzani wa kifaa hicho na pia nguvu kinayotumia. Hesabu yenyewe haizidi kugawanya mara moja na kuzidisha mara moja. Makosa mengi hayatoki kwenye hesabu bali kwenye namba zinazoingizwa humo: volteji iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kifaa huchanganywa na mkondo uliopimwa wakati mwingine, miliampea huandikwa kana kwamba ni ampea, au ukinzani uliopimwa kifaa kikiwa baridi hutumiwa kukadiria nguvu kikiwa moto. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa zaidi kueleza upimaji kuliko fomula.

Fomula mbili zinazobeba kila kitu

Volteji huandikwa kwa herufi V na hupimwa kwa volti, ambazo alama yake ni V vilevile. Mkondo huandikwa kwa herufi I na hupimwa kwa ampea, zenye alama A. Ukinzani huandikwa R na hupimwa kwa omu, zenye alama Ω. Nguvu huandikwa P na hupimwa kwa wati, zenye alama W. Volti, ampea na omu zilikubaliwa kimataifa katika mkutano wa umeme uliofanyika Paris mwaka 1881, na zilipangwa kwa makusudi ili zioane, ndiyo maana fomula hizi hazihitaji namba yoyote ya ziada:

R = V ÷ I

P = V × I

Omu 1 ni ukinzani wa kifaa kinachopitisha ampea 1 kinapowekewa volti 1, na wati 1 ni jouli 1 ya nishati inayotumika kila sekunde.

Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha mwaka 1827 kazi iliyoonyesha kwamba katika waya wa metali mkondo huongezeka kwa uwiano uleule wa volteji. Inafaa kutenganisha mambo mawili hapa, kwa maana yakichanganywa huleta mkanganyiko mkubwa baadaye. Kugawanya volti kwa ampea kunawezekana kwa kifaa chochote na kwa wakati wowote. Lakini kwamba jibu litabaki lilelile ukiongeza au kupunguza volteji ni kweli kwa baadhi ya vifaa tu, hasa vile vya metali ambavyo joto lao halibadiliki sana. Kwa taa yenye uzi wa tangisteni, kwa diodi (kijenzi kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) na kwa chaja ya simu, jibu la leo kwa volteji hii si jibu la volteji nyingine.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya umeme na aina ya kifaa

Kabla ya kugusa mita ya kupimia umeme (multimita), jiulize maswali mawili. La kwanza, je, umeme huu ni wa mkondo mnyoofu, kama ule wa betri, au ni wa mkondo geu, kama ule wa soketi ya ukutani? La pili, je, kifaa hiki kinabadilisha umeme kuwa joto tu, kama hita, pasi au birika, au kina mota, transfoma au sakiti ya kielektroniki ndani yake? Ikiwa ni umeme mnyoofu, au ni kifaa cha kutoa joto tu kwenye umeme wa mkondo geu, fomula mbili za juu zinatosha kabisa. Ikiwa ni mota au kifaa cha kielektroniki kwenye mkondo geu, utahitaji nyongeza iliyoelezwa mbele, na ukiiruka utapata wati nyingi kuliko zilizopo.

Hatua ya pili: pima volteji kifaa kikiwa kinafanya kazi

Weka mita kwenye upande wa volti, chagua mkondo mnyoofu au mkondo geu, kisha gusa ncha mbili za kifaa kwa nyaya za kupimia. Mita ya volti hukaa sambamba na kifaa, yaani hakuna waya unaokatwa wala kufunguliwa. Multimita nyingi za dijitali zina ukinzani wa ndani wa takriban omu milioni 10 zinapopima volti, kwa hiyo huchota mkondo mdogo mno, usioweza kuathiri kipimo cha hita au balbu.

Sharti la muhimu ni kwamba kifaa kiwe kimewashwa. Volteji hushuka pale mzigo unapoanza kuvuta mkondo, na kiasi cha kushuka hutegemea urefu wa nyaya, unene wake na hali ya chanzo. Kipimo kilichochukuliwa kifaa kikiwa kimezimwa ni volteji ya chanzo kisicho na mzigo, na hakifai kuingizwa kwenye hesabu hii. Vilevile, pima kwenye ncha za kifaa chenyewe pale panapofikika kwa usalama, si kwenye chanzo kilicho mbali.

Hatua ya tatu: pima mkondo

Hapa ndipo mita nyingi huharibika. Mkondo hupimwa kwa mfululizo: unaukata mzunguko mahali pamoja na kuiweka mita katikati, ili mkondo wote upite ndani yake. Waya mwekundu wa kupimia huhamishwa kutoka kwenye tundu la volti hadi kwenye tundu la ampea, ambalo kwa kawaida lina alama ya 10A kwa mikondo mikubwa, na lingine la mA kwa mikondo midogo. Kama hujui ukubwa wa mkondo, anza na tundu la 10A, kisha hamia kwenye mA ukishaona kwamba mkondo ni mdogo.

Kwenye upande wa ampea, ukinzani wa ndani wa mita ni mdogo sana, karibu na ule wa kipande cha waya. Ukimaliza kupima mkondo na kuuacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea, halafu ukagusa ncha mbili za betri au za soketi ukidhani unapima volti, utakuwa umeunganisha chanzo moja kwa moja kwa waya mfupi. Kwa bahati njema fyuzi ya ndani ya mita ndiyo itakayoungua. Katika mita duni isiyo na fyuzi ya maana, mita yenyewe hupasuka mkononi. Kwa hiyo ifanye iwe desturi: kipimo cha mkondo hakijaisha mpaka waya mwekundu umerudi kwenye tundu la volti.

Kwa umeme wa nyumba sipendekezi kukata mzunguko hata kidogo. Tumia mita ya klampi, ambayo huzunguka waya na kusoma mkondo kutokana na usumaku wake bila kugusa shaba. Jambo moja huwashangaza wanaoitumia mara ya kwanza: ukiibana kwenye kebo nzima yenye waya wa moto na waya wa nyutro pamoja, itasoma sifuri au karibu na sifuri, kwa sababu mikondo ya waya hizo mbili inakwenda pande zinazopingana na usumaku wake unafutana. Inabidi ibane waya mmoja tu. Kama hujazoea kufanya kazi karibu na umeme wa soketi, mwachie fundi kipimo hiki, nawe ufanye hesabu.

Vipimo viwili, cha volti na cha ampea, vichukuliwe karibu kwa wakati mmoja. Ukiwa na mita mbili ni bora zaidi.

Hatua ya nne: geuza vizio kabla ya kuanza hesabu

Fomula zinataka volti, ampea, omu na wati. Miliampea hugawanywa kwa 1,000 kuwa ampea. Kiloomu huzidishwa kwa 1,000 kuwa omu. Kilowati vivyo hivyo kwa wati.

Chukua rezista ndogo, yaani kijenzi cha kupunguza mkondo, iliyopimwa volti 4.95 na miliampea 22.5. Anayegawanya 4.95 kwa 22.5 hupata 0.22 na kuandika omu 0.22, yaani ukinzani wa kipande cha waya. Jibu sahihi linatokana na ampea 0.0225:

R = 4.95 ÷ 0.0225 = 220 Ω

P = 4.95 × 0.0225 = 0.111 W, yaani miliwati 111

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wa vifaa vya elektroniki huitumia kila siku: volti zikigawanywa kwa miliampea moja kwa moja hutoa kiloomu, na volti zikizidishwa kwa miliampea hutoa miliwati. Ile 0.22 haikuwa hesabu mbaya. Ilikuwa kiloomu 0.22, ambazo ni omu 220 zilezile, ila aliyeandika alikosea kizio.

Hatua ya tano: gawanya, zidisha, kisha hakiki

Tuseme birika la umeme limepimwa likiwa linachemsha maji, na mita zimesoma volti 228 na ampea 8.6.

R = 228 ÷ 8.6 = 26.5 Ω

P = 228 × 8.6 = 1,961 W

Kikokotoo kitakuonyesha ukinzani wa 26.51162791, lakini tarakimu hizo za mwisho hazina maana yoyote. Mita iliyosoma 8.6 ingesoma vilevile kama mkondo halisi ungekuwa 8.56 au 8.64, na ukirudia hesabu kwa namba hizo mbili utapata takriban omu 26.6 na 26.4. Andika 26.5 na uishie hapo. Hata ile wati moja ya 1,961 ni ya ziada, na kusema wati 1,960 kunatosha.

Kuhakiki kunafanywa kwa fomula mbili nyingine ambazo hutokana na zile za mwanzo:

P = I × I × R

P = V × V ÷ R

Kwa birika letu, 8.6 × 8.6 × 26.5 ni karibu wati 1,960, na 228 × 228 ÷ 26.5 ni karibu wati 1,962. Zikitofautiana sana na jibu la kwanza, tafuta kosa la uandishi au la kizio. Uhakiki huu, hata hivyo, hukagua hesabu peke yake. Kama mkondo ulipimwa vibaya, fomula zote tatu zitakubaliana kwa furaha kwenye jibu baya.

Uhakiki wenye nguvu zaidi ni kulinganisha na kibandiko. Tuseme kibandiko cha birika hilo kinasema wati 2,000 kwa volti 230. Ukinzani wake uliokusudiwa ni 230 × 230 ÷ 2,000, yaani omu 26.45, na sisi tumepata 26.5, kwa hiyo kifaa ni kizima. Wati zimepungua kidogo kwa sababu volteji ilikuwa 228 tu. Kama tungepata omu 53, ambazo ni mara mbili, tungeshuku kwamba koili moja kati ya mbili zilizounganishwa sambamba imekatika.

Fomula ya P = V × V ÷ R inaeleza pia kwa nini birika huchelewa sana umeme unapokuwa hafifu. Volteji ikishuka kwa asilimia 10, kutoka 230 hadi 207, nguvu haishuki kwa asilimia 10 bali kwa asilimia 19, kwa sababu mkondo nao unashuka pamoja na volteji: 207 × 207 ÷ 26.45 ni wati 1,620.

Taa ya uzi: ukinzani baridi na ukinzani moto

Wengi huuliza kwa nini wapime volti na ampea ilhali mita ina upande wa kupima omu moja kwa moja. Upande huo ni mzuri kwa rezista iliyotolewa kwenye sakiti, na lazima utumike umeme ukiwa umekatwa kabisa, kwa maana mita yenyewe hupeleka mkondo wake mdogo na kusoma matokeo. Lakini mkondo huo mdogo haupashi kifaa joto, na hapo ndipo majibu mawili hutengana.

Chukua balbu ya uzi ya gari iliyoandikwa 12V 21W. Ikiwaka kwa volti 12, mkondo wake ni 21 ÷ 12 = ampea 1.75, na ukinzani wake ni 12 ÷ 1.75 = omu 6.9. Ichomoe, iache ipoe, kisha ipime kwa upande wa omu: utasoma chini ya omu 1. Balbu haijaharibika. Ukinzani wa tangisteni hupanda joto linapopanda, na uzi unaowaka una joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, kwa hiyo ukinzani wake moto huwa mara 10 au zaidi ya ule wa baridi. Ukichukua kipimo baridi, tuseme omu 0.6, na kukiingiza kwenye V × V ÷ R, utapata wati 240 kwa balbu ya wati 21.

Namba hiyo ya ajabu si ya kutupa moja kwa moja, kwa sababu 12 ÷ 0.6 ni ampea 20, na hiyo inakaribia mkondo ambao balbu baridi huuvuta katika sehemu ndogo ya kwanza ya sekunde kabla uzi haujapata joto. Ndiyo maana balbu za uzi huungua mara nyingi zaidi wakati wa kuwashwa, na ndiyo maana swichi ya taa hizo hupaswa kuwa imara kuliko mkondo wa kawaida unavyodai. Waya wa hita na birika hubadilika kidogo sana, kwa kuwa aloi yake huchaguliwa kwa sifa hiyo.

Mkondo geu wenye mota au sakiti za kielektroniki

Volti 230 za umeme wa mkondo geu ni kipimo cha wastani maalumu ambacho hutoa joto lilelile kama volti 230 za mkondo mnyoofu. Kilele cha wimbi lenyewe hufikia karibu volti 325. Kwa birika jambo hilo halibadilishi chochote katika hesabu. Kwa mota, mkondo huchelewa nyuma ya volteji, na sehemu ya nishati hurudi kwenye chanzo badala ya kutumika. Ukizidisha volti na ampea hapo hupati wati, bali voltiampea. Wati hupatikana kwa kuzidisha tena na kigezo cha nguvu, ambacho ni namba kati ya 0 na 1 na mara nyingi huandikwa kwenye kibandiko cha mota kama cos φ.

Mota inayovuta ampea 4 kwa volti 230, yenye kigezo cha nguvu cha 0.75, ina voltiampea 920 lakini hutumia wati 690 tu. Kwa mota hiyohiyo, 230 ÷ 4 inatoa 57.5, na ingawa kizio chake ni omu, huo si ukinzani wa nyaya za koili. Hiyo ni impidansi, inayojumuisha upinzani wa usumaku, na ukipima koili kwa upande wa omu utapata namba ndogo zaidi. Kwa chaja na taa za LED, ambazo huvuta mkondo kwa vipande vifupi, mita ya bei nafuu inaweza hata kusoma mkondo wenyewe kimakosa. Panahitajika mita yenye maandishi ya True RMS, au mita ya nguvu inayochomekwa kati ya plagi na soketi, ambayo huonyesha wati moja kwa moja.

Kutumia hesabu hiyohiyo kutafuta hasara kwenye nyaya

Kwa maoni yangu hapa ndipo fomula hizi zinalipa zaidi. Pima volteji kwenye soketi na kwenye ncha za birika, zote mbili likiwa linachemsha, kipimo kimoja mara baada ya kingine. Tuseme umepata 232.2 kwenye soketi na 228.0 kwenye birika, mkondo ukiwa ampea 8.6. Volti 4.2 zimepotea kwenye waya wa kurefushia.

Ukinzani wa waya = 4.2 ÷ 8.6 = 0.49 Ω

Nguvu inayopotea = 4.2 × 8.6 = 36 W

Zingatia kwamba hapa V ni volti zilizopotea, si 230. Anayezidisha 230 kwa 8.6 na kuuita huo upotevu wa waya amechanganya vifaa viwili. Je, omu 0.49 ni kawaida? Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 12.1 kwa kilomita, na kama waya wa kurefushia una mita 20, mkondo unasafiri mita 40 kwenda na kurudi, hivyo tunatarajia omu 0.48. Waya huu ni mzima, na wati zake 36 zimetawanyika katika mita zote 20, ingawa ukiuacha umeviringishwa kwenye gurudumu lake joto hilo litakosa pa kutokea.

Sasa fikiria waya wa mita 2 tu ambao nao umetoa omu 0.49. Shaba yake haiwezi kuwa na zaidi ya omu 0.05, kwa hiyo takriban omu 0.44 zilizobaki ziko kwenye kiungo kimoja kilicholegea, pengine skrubu ndani ya plagi, na hapo zaidi ya wati 32 za joto zinajikusanya kwenye eneo lisilozidi ukucha. Plagi hiyo utaikuta imebadilika rangi. Izime na uibadilishe kabla ya kuendelea na vipimo vingine.

Betri hukaguliwa kwa njia hiyohiyo. Seli iliyosoma volti 1.5 bila mzigo na 1.2 ikiwa inatoa ampea 0.5 ina ukinzani wa ndani wa 0.3 ÷ 0.5, yaani omu 0.6, na seli ya aina ileile iliyo mpya ikisoma chini ya hapo, unajua ile ya kwanza imechoka.

Kuchagua rezista kwa kugeuza fomula

Unataka kuwasha taa ndogo ya LED kwa volti 12. Taa hiyo hujichukulia volti 2, na unataka ipitishe miliampea 15. Rezista inabaki na volti 10, si 12.

R = 10 ÷ 0.015 = 667 Ω

Thamani ya kawaida iliyo karibu zaidi kwa upande wa juu ni omu 680, ambayo itapitisha 10 ÷ 680, yaani miliampea 14.7. Nguvu itakayobebwa na rezista ni 10 × 0.0147, yaani wati 0.147. Rezista ya wati 0.25 ingeistahimili, lakini ingekuwa ya moto kwa kuguswa, hasa ikiwa ndani ya kasha lisilopitisha hewa. Mazoea mazuri ni kuchagua inayostahimili angalau mara mbili ya nguvu iliyokokotolewa, na kwa kuwa mara mbili ya 0.147 inapita 0.25, chukua ya wati 0.5.